Popo Ana Maadui

Msimu wa maembe ukiingia, popo hurudi kwenye mazungumzo ya Vitengeni, kwetu Ganze, Kilifi. Mwenye shamba huamka na mapema kuzunguka chini ya miembe, na huko hukuta ushahidi wa usiku: embe lililotobolewa ubavuni, jingine limeliwa nusu bado linaning'inia kwenye kikonyo, na majani makavu yametapakaa vidonge vya nyuzinyuzi. Popo hali embe kama tulavyo sisi. Huuma nyama ya tunda, akaikandamiza kwa ulimi juu ya kaakaa, akafyonza maji yote na kutema kapi. Ukiliokota kapi hilo kabla jua halijalikausha, utaona limebanwa likawa bapa, na juu yake ipo mistari ya kaakaa, safu kwa safu. Wezi wengine hawaachi alama ya kinywa.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye miembe ya ngowe aliyoikuta ikizaa siku alipoolewa, hana huruma naye hata chembe. "Mwanangu, mwizi wa kuku angalau humla kuku mzima," aliniambia. "Huyu huonja hapa, akaonja pale, mimi akaniachia kufagia." Nikajaribu kumtetea mshtakiwa. Maembe yaliyopakiwa kwenye lori la Mombasa, nikasema, yalichumwa yakiwa bado magumu, na popo hushughulika na yaliyoiva. "Kwa hiyo, mama, ya biashara hayakuguswa." Akanitazama kwa muda. "Ya biashara ni ya dalali. Haya yanayoivia mtini ni ya wajukuu."

Hapo sina jibu. Wanaotetea popo hupenda kusema kwamba hasara anayoleta ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na katika hesabu ya lori wana haki. Hesabu ya wajukuu haiandikwi popote. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza jambo ambalo mama huyo asingependa kulisikia: kwamba chuki yake ni sehemu ya utajiri wa popo. Popo ana maadui, na kiumbe mwenye maadui ana watu wanaomjua. Wanajua anakuja lini, anakula nini, analala wapi, anazaa wangapi. Wapo viumbe wanaoondoka duniani bila kuwahi kumuudhi mtu yeyote, na hao ndio wanaonisumbua zaidi.

Nianze na yule anayejulikana. Popo wa matunda tunaosikia sana huku kwetu ni wale wenye vishungi vyeupe mabegani, ambao dume lao hujificha kwenye mti usiku na kutoa mlio mmoja, kimya, mlio mmoja, hadi majirani wageni wanadhani kuna chombo cha chuma kimeharibika mahali. Hao hawamo hatarini. Wapo pia wa mapangoni, wanaojaa kwenye mapango ya matumbawe ya upande wa Watamu na Gede. Halafu yuko yule mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya nyasi kavu shingoni, Eidolon helvum, msafiri wa bara zima. Wa jamii yake hukusanyika kwa mamilioni katika kichaka kimoja cha hifadhi ya Kasanka, Zambia, kati ya Oktoba na Desemba, kisha wakatawanyika. Ukisikia mamilioni utadhani hana shida. Hata hivyo Shirikisho la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, linamweka kwenye daraja la walio karibu na hatari, kwa sababu idadi yake inashuka, na katika Afrika Magharibi na ya Kati anawindwa kwa wingi kwa ajili ya nyama. Kiumbe anayezaa mtoto mmoja kwa mwaka hawezi kushindana na bunduki kwa muda mrefu, hata akianza na mamilioni.

Na anafanya kazi. Utafiti wa Ghana uliochapishwa 2016 ulikadiria kwamba mbegu ndogo anazomeza Eidolon zinaweza kudondoshwa hadi kilomita 75 kutoka mti zilikotoka. Mvule, mti ambao mafundi wa pwani wameutumia kwa milango na vitanda tangu zamani, unamtegemea sana kusambaza mbegu zake. Mbuyu nao. Ua la mbuyu hufunguka magharibi, jeupe, kubwa, limeinamishwa chini, lina harufu ambayo mwanadamu haimpendezi, na kesho yake limenyauka. Mgeni linayemngoja ni wa usiku, na huku Afrika Mashariki mgeni huyo ni popo.

Mnakumbuka kelele za 2022, mibuyu ya Kilifi ilipong'olewa mizizi kwa mizizi ili ipelekwe Georgia, kwenye bustani ya tajiri. Wenye mashamba waliiuza. Wengine walisema mbuyu ulikuwa unawazibia nafasi ya mahindi, na fedha ile haikuwa haba. Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaingilia kati, akitaka Wizara ya Mazingira ihakikishe kuna kibali halali na mgawo wa haki kwa wananchi. Kulizungumzwa leseni, bei, mizimu, urithi, hewa ya ukaa. Sikumbuki mtu aliyeuliza habari ya popo. Mbuyu uliopandikizwa ukingoni mwa Bahari Nyeusi unaweza kuchanua, kama majira ya baridi yatauachia uhai, lakini usiku huo atakuja nani?

Nimesema chuki ni sehemu ya utajiri wa popo, na ushahidi mzuri kuliko wote uko ng'ambo ya maji, Pemba. Kisiwa kile kina popo wake wa peke yake, Pteropus voeltzkowi, mwenye mabawa ambayo yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu na manyoya ya rangi ya kutu. Jamaa zake wako Komoro, Madagaska na Asia. Kwenye bara la Afrika hakuna hata mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliofika Pemba walisema wamebaki wachache mno. Misitu ilikuwa imekatwa kwa mikarafuu na mashamba, na wawindaji walikuwa wamepata bunduki. Nyama ya popo ililiwa, na haikuwa aibu kuila.

Kilichofuata ni miongoni mwa hadithi chache za uhifadhi katika eneo letu ambazo zinasomeka bila kuinamisha kichwa. Idara ya misitu ya Zanzibar ikishirikiana na shirika la Uingereza la Fauna & Flora ilianza kuzungumza na vijiji. Vikaundwa vilabu vya kulinda popo, vijana wakahesabu, walimu wakafundisha, na mahali kama Kidike wageni wakaanza kulipa ada ndogo kuwatazama wakining'inia mchana. Hesabu ya katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa kama popo 5,000. Hesabu iliyochapishwa 2010 ilikuwa kati ya 18,200 na 22,100. Kutoka daraja la hatari kubwa kabisa, popo wa Pemba akashushwa ngazi mbili.

Sasa angalia miaka hiyo. Mwaka 1995, wakati kazi hiyo inaanza, ndio mwaka Pemba na baadaye Unguja zilipopatwa na hofu ya Popobawa, shetani anayeingia nyumbani usiku na ambaye bawa la popo limo hata katika jina lake. Watu walilala nje kwa makundi, wakikesha pamoja wasije wakavamiwa. Ungetegemea popo halisi angelipia. Hakulipia, au hakulipia kiasi cha kuzuia idadi yake kupanda mara nne. Wapemba walijua vizuri kabisa tofauti ya shetani na mnyama anayekula maembe na shokishoki zao, kwa sababu mnyama huyo walikuwa wamemwona, wamemfukuza, wamemla. Unaweza kupatana na adui wa namna hiyo. Mkutano unaitishwa, hoja inatolewa, mtu wa bunduki anaketi kwenye mkeka na mwenye klabu, wanabishana.

Na yule ambaye hakuna wa kubishana juu yake?

Livawoti ni ndugu wa kuvumwani. Ni mmea usio na mzizi wa kweli, usio na ua, usio na mbegu, usio na mishipa ya kupandishia maji. Mababu zake ni miongoni mwa mimea ya mwanzo kabisa iliyothubutu kutoka majini. Chembe za uzazi zilizokutwa kwenye miamba ya takriban miaka milioni 470 zinafanana na za mimea ya aina hii. Hadi leo hajaachana na maji moja kwa moja. Chembe ya kiume ya livawoti huogelea. Bila utando wa maji wa kumfikisha kwa mwenzake, hakuna uzazi wa jike na dume. Kukikauka, mmea mzima hukauka, ukanywea, ukasitisha shughuli zake; kukinyesha, dakika chache baadaye umefufuka na unafanya kazi. Aina zake duniani ni zaidi ya 7,000, na nina hakika wasomaji wangu wengi hawajawahi kumwangalia mmoja kwa kukusudia.

Mtu atasema Vitengeni si kwao. Kweli, sisi tuko upande mkavu. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita mraba kama 420, hupokea mvua ya milimita 1,000 na zaidi upande wa bahari, lakini kwenye kona yake ya kaskazini magharibi, upande wetu, hushuka hadi kama 600. Huku ni nchi ya mbuzi, makaa na mahindi ya kubahatisha. Lakini nendeni kwenye silanga mvua kubwa zikikatika, maji yanapoanza kurudi nyuma na kuacha tope lenye alama za kwato. Inameni. Kwenye tope lile, kabla halijapasuka, hutokea viduara vya kijani vyenye ukubwa wa sarafu ya shilingi, vinavyogawanyika mbilimbili kuanzia katikati kwenda pembeni. Hiyo ni Riccia, livawoti wa nchi kavu. Maisha yake yote ni yale majuma machache. Mbegu zake, niziite hivyo kwa kuwahurumia wasomaji, hukomaa ndani ya mwili wake wenyewe, zikawa nyeusi, na hazitoki mpaka mwili uoze. Kisha hungoja tope jingine, hata kama ni la mwaka kesho kutwa. Mbuzi huzisafirisha katika kwato bila kudai nauli.

Riccia simwonei huruma. Aina nyingi za jamii yake zimezoea ukame kuliko sisi. Walio hatarini ni wale wa kivulini. Kwa kuwaona wa jamii hiyo nilikwenda Cha Simba, upande wa Kaloleni, ambako miamba ya chokaa imesimama kwa urefu wa nyumba za ghorofa, imepasuka katikati, na ndani ya mipasuko ile hewa ni baridi na yenye unyevu hata Januari. Mahali pale panajulikana duniani kwa sababu ya ua. Linaitwa Saintpaulia rupicola, ni la zambarau, na jamaa zake zinakaa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya tangu Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Tanga, alipotuma mbegu kwao katika miaka ya mwanzo ya 1890. Hili la Kilifi liko hatarini vibaya. Eneo lake lote ni vipande vichache vya chokaa, na chokaa ndiyo saruji.

Nilikuwa na lenzi ndogo ya mkononi, ile wanayotumia masonara. Kando ya ua, kwenye gome la mti ulioegemea mwamba, palikuwa na kitu ambacho kwa macho matupu ni doa la kijani, chafu kidogo, ungelifuta kwa kitambaa. Kwenye lenzi likawa shina. Upana wake haukufika milimita mbili, na pande zote mbili lilikuwa na majani yaliyolaliana kama makuti juu ya paa, kila moja limefunika nusu ya mwenzake. Chini ya kila jani, ukilipindua kwa ncha ya sindano, pana kunjo iliyokuwa kifuko. Ndani ya kifuko, maji. Ndani ya maji hayo huishi wanyama wadogo mno wasioonekana kwa jicho, vizazi na vizazi, na bahari yao nzima ni tone moja. Sikuweza kulipa lile shina jina la spishi. Jamii ndiyo iliyotambulika kwa vifuko vile, Lejeuneaceae, kubwa kuliko jamii zote za livawoti, yenye aina zaidi ya 1,500, na kuzitenganisha kunahitaji hadubini, subira na mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Popo wa mama jirani yangu hutambulika kwa kapi alilotema.

Katika jamii hiyo imo Cladolejeunea aberrans. Imeripotiwa Kenya na Tanzania, basi. Jenasi yake ina spishi hiyo moja tu, kwa hiyo ikiondoka inaondoka na jina la ukoo. Imo kwenye orodha ya IUCN ya zile zinazotishiwa kutoweka, na iliingia huko kupitia orodha fupi ya kwanza ya dunia ya kuvumwani na ndugu zake, iliyotolewa mwaka 2000 na Benito Tan na wenzake. Hiyo ndiyo hadithi yake yote ya hadharani. Haina klabu Kidike. Haina shetani aliyeiazima bawa. Haikuwahi kuharibu tunda, haikuwahi kuliwa, haijulikani na mganga yeyote niliyewahi kumsikia, na hakuna mtoto aliyeirushia jiwe.

Kuna watakaosema ni suala la ukubwa tu: kikubwa huonekana, kidogo husahaulika. Sidhani. Mbu ni mdogo. Mchwa ni mdogo, na kila mtu Ganze ana maoni kuhusu mchwa. Kinachokosekana kwa livawoti ni mgongano. Wahifadhi wa wanyama wametathmini karibu kila aina ya popo, na aina hizo ni zaidi ya 1,400, wakaipangia kila moja daraja. Kwa kuvumwani, livawoti na ndugu zao, ambao pamoja ni kama 20,000, sehemu kubwa haijawahi kuulizwa hali. Ulaya, yenye wataalamu na fedha, ndiyo iliyojikaza ikatoa orodha yake kamili 2019: aina 1,817 zilitazamwa, na zaidi ya moja katika kila tano ilikutwa hatarini. Hilo ni bara lenye wapenzi wa kuvumwani tangu karne ya kumi na nane. Kwetu, idadi haijulikani kwa sababu hakuna aliyeihesabu.

Nikilinganisha viumbe hawa wawili, hatari yenyewe haionekani kwangu kuwa ni kitu kimoja. Popo hutishiwa akiwa safarini. Mti wa kulala ukikatwa hapa, atahamia kule, na kule akikutana na wavu au risasi ndipo hesabu inapungua. Anaumizwa mmoja mmoja, na kwa mikono inayoonekana. Livawoti hutishiwa akiwa amekaa. Hana kwa kwenda. Huhitaji hata kumgusa: kata mti wa pili kutoka kwake, jua liingie saa mbili zaidi kwa siku, upepo upitie mahali ambapo haukuwa ukipita, na gome linalombeba linakauka mapema kidogo kila asubuhi. Mti wake umesimama, msitu kwenye ramani ni ule ule, na yeye hayupo. Anayemuua anaweza kuwa mtu mwema aliyechukua kuni za halali.

Hapa ndipo watetezi huleta hoja ya faida, nami nitaileta kwa kuwa ni nzuri, kisha nitaitilia shaka. Mhungari Tamás Pócs, aliyefundisha Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipanda milima ya Uluguru akapima jambo ambalo hakuna aliyewahi kulipima huku: maji yanayoshikwa na kuvumwani, livawoti na mimea mingine iliyopanda juu ya miti kwenye msitu wa ukungu. Katika tathmini aliyoichapisha 1980, mvua moja tu ilikuwa na uwezo wa kuacha makumi ya maelfu ya lita kwa kila hekta zikiwa zimenaswa kwenye ule ukijani, kabla hazijagusa ardhi, zikiachiliwa polepole. Kutoka Uluguru hutoka Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Mtu wa Kariakoo anayefungua bomba ana deni kwa mimea asiyoijua.

Hoja hiyo ina nguvu kwa umati. Kwa mmoja mmoja inaanguka. Cladolejeunea aberrans ikitoweka kesho asubuhi, Ruvu hautapungua tone. Jirani zake kwenye gome watachukua nafasi kabla ya masika. Popo wa Pemba akitoweka, kuna miti itakayokosa mchukuzi. Kwa hiyo anayelinda viumbe kwa faida yao, akiwa mkweli, atamlinda popo na kumwacha livawoti, na hesabu yake itakuwa sahihi. Mimi hesabu hiyo inanitia wasiwasi, kwa kuwa najua ni wapi inaishia: hata Vitengeni yenyewe, kwenye vitabu vya wengine, ni mahali ambapo pakiondolewa hapatapunguza tone.

Ndiyo maana nimerudi kuifikiria Pemba upya, na nikakuta kuna jambo nililipita haraka. Kabla ya vilabu, kabla ya mashirika, wakati popo wanapigwa risasi kote kisiwani, wachache waliobaki walikuwa wamebaki wapi? Baadhi ya makundi yao yalilala kwenye miti ya makaburi ya zamani. Hakuna aliyeweka mwiko kwa ajili ya popo. Mwiko uliwekwa kwa ajili ya waliolala chini, nao waliolala juu wakanufaika. Popo aliokolewa mara mbili: mara ya pili kwa kujulikana, mara ya kwanza kwa kuwa mahali ambapo hapakatwi, awemo asiwemo.

Huku kwetu makaya, misitu yetu mitakatifu, ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Kaya Kauma iko Jaribuni, hapa hapa Ganze, na ni mojawapo ya makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kanuni za kaya hazitaji spishi. Zinasema usikate tawi, usiingize mifugo, usipite na viatu mahali fulani, usitoke na kitu. Mzee wa kaya haulizi ndani mna nini kabla ya kukataza panga. Sheria za kisasa za mazingira zinafanya kinyume: kabla ya kuchimba chokaa au madini, mtaalamu hutakiwa kuandika kilichopo, na anaandika wanyama, ndege, miti mikubwa, pengine ua la zambarau kama amebahatika kufika mwezi wa maua. Asichokijua hakiingii kwenye ripoti, na kisichoingia kwenye ripoti hakikuwepo. Kwa livawoti, kanuni ya mzee ni bora kuliko ya mtaalamu, nami nasema hivi nikiwa mtu anayeheshimu ripoti na ambaye hapendi sifa za bure kwa mambo ya kale.

Sifa za bure, kwa sababu mwiko nao una mpaka. Makaya ni madogo, hekta 30, hekta 300. Mwiko unazuia panga ndani. Hauzuii upepo kutoka nje. Shamba likisafishwa hadi kwenye ukingo, makaa yakichomwa hadi kwenye ukingo, msitu mdogo hukauka kuanzia pembeni kwenda katikati, na wa kwanza kuondoka ni yule mwenye kifuko cha tone moja. Ili abaki ndani, inabidi nje pawe na vichaka, mikuyu, mivule iliyojiotea, miembe iliyozeeka, kitu cha kuvunja upepo. Na vingi katika hivyo havikupandwa na mtu. Mbegu zililetwa usiku, zikadondoshwa pamoja na kinyesi chini ya mwembe ambako mchukuzi alikuja kuiba.

Nilimweleza mama jirani habari hiyo ya mbegu, si kwa kutarajia kumbadilisha. Kwenye mpaka wa shamba lake kuna mkuyu ambao hakuupanda, wala mkwewe hakuupanda. Kijana mmoja wa makaa ameshaupigia bei. Amekataa, ila si kwa hoja yangu. Mbuzi wake hulala pale mchana, anasema, na kijana alitaka kulipa nusu.